Mwenye Kurithi Shamba: Atunze Nini, Abadili Nini?

Wazee husema: Mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo ni la kweli, nalo limewaokoa wengi wasipotee. Lakini mtu akiisha kulikubali, mara huulizwa swali la pili, lililo gumu zaidi: Asili yenyewe ni nini? Mwana aliyeachiwa nyumba na baba yake, je, ameacha asili akiondoa nyasi zilizooza juu ya paa na kuezeka nyingine? Na yule aziachaye nyasi zile zile mpaka mvua ikaangusha kuta, je, yeye ndiye aliyeitunza asili?

Katika kila ukoo wamo watu wa namna mbili. Wa kwanza hutaka kubadili yote, akidhani kwamba mambo ya kale ni mabaya kwa sababu ni ya kale. Wa pili hakubali kubadili lolote, akidhani kwamba mambo ya kale ni mema kwa sababu hiyo hiyo. Hao wawili hugombana daima, walakini wanafanana: wote wawili wamekimbia kazi moja, nayo ni kazi ya kupambanua.

Ili kuifahamu kazi hiyo, yafaa kutazama mfano mmoja wa kweli. Mfano huu watoka mbali, katika nchi ya Ufaransa, kwa watu walimao mizabibu. Kila mkatekumeni amesikia habari za mzabibu katika Injili, naye ameona divai ikipelekwa altareni. Lakini wengi hawajauona mti wenyewe, wala hawajui taabu ya wale wanaoutunza.

1. Shamba na wenyewe

Katika jimbo la Bourgogne, upande wa mashariki wa Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Vosne-Romanée. Juu kidogo ya kijiji, katika mteremko mpole uelekeao mawio ya jua, liko shamba liitwalo Romanée-Conti. Mtu akisikia sifa zake angedhani ni shamba kubwa. Kumbe ukubwa wake ni hektari 1.8 tu, na mwenye miguu mizuri hulizunguka kwa muda mfupi. Udongo wake ni mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya chokaa. Humo hulimwa mzabibu wa aina moja tu, wenye zabibu nyeusi, jina lake pinot noir.

Zamani za kale mizabibu ya mteremko ule ilikuwa mali ya wamonaki wa Saint-Vivant. Baadaye ikapita katika mikono mingine. Mwaka 1760 shamba likanunuliwa na mkuu mmoja wa ukoo wa kifalme, Louis-François de Bourbon, mkuu wa Conti, na jina lake likabaki juu ya shamba mpaka leo. Yakaja mapinduzi ya mwaka 1789. Serikali ikalitwaa shamba, na mwaka 1794 likauzwa. Mwaka 1869 likanunuliwa na Jacques-Marie Duvault-Blochet, naye akawaachia watoto na wajukuu wake. Mwaka 1942 nusu yake ikanunuliwa na Henri Leroy. Tangu hapo shamba ni mali ya jamaa mbili, jamaa ya de Villaine, walio wa uzao wa Duvault-Blochet, na jamaa ya Leroy.

Tazama basi: wamonaki wamekwenda zao, mkuu amekufa, serikali ya mapinduzi imepita. Udongo upo palepale. Kila mmoja wao alisema, «Shamba langu», na kila mmoja aliliacha nyuma yake. Hapo laonekana jambo la kwanza kuhusu urithi: mwenye kurithi si mwisho wa njia, ni daraja. Amepokea kwa waliomtangulia, na hapana budi awape watakaomfuata.

2. Kazi ya mwaka mzima

Wakati wa baridi kali, mizabibu ikiwa haina majani, watu huenda kuipogoa. Hukata matawi karibu yote, wakaacha machipukizi machache. Mtu asiyejua angewaona kama waharibifu. Lakini mzabibu ulioachwa na matawi mengi huzaa zabibu nyingi zisizo na utamu, na uliopogolewa huzaa chache zilizo bora. Udongo hulimwa kwa jembe likokotwalo na farasi, ili usikandamizwe na uzito wa mashine.

Mavuno huja mwisho wa kiangazi, mara nyingi mwezi wa Septemba. Watu huvuna kwa mikono, kichala kwa kichala. Kisha huchambua: zabibu mbovu na zisizoiva hutupwa. Vichala vilivyo vizuri, vingi pamoja na vikonyo vyake, hutiwa katika mapipa makubwa ya mbao yaliyo wazi juu. Hapo zabibu huchacha zenyewe, kwa chachu iliyokuwa tayari juu ya maganda yake, wala mtu hatii chachu nyingine. Povu hupanda na joto huongezeka, kama wajuavyo wale wakamuao ndizi na kuyaacha maji yake yachache. Maji ya zabibu hizo hayana wekundu. Wekundu hutoka katika maganda. Kwa hiyo wafanyakazi huyasukuma maganda chini kila siku, yapate kuzama na kutoa rangi na nguvu zake.

Baada ya muda wa kama majuma matatu, divai hutolewa, na maganda hukamuliwa. Kisha divai hutiwa katika mapipa ya mti wa mwaloni, na mapipa huwekwa katika ghala lenye baridi chini ya ardhi. Hukaa humo mwaka mmoja na nusu hivi, ndipo hutiwa katika chupa. Hata ikiwa ndani ya chupa, wajuzi huingoja miaka mingi bado. Kwa mwaka mmoja shamba lote hutoa chupa kama 5,000 au 6,000 tu, na chupa moja huuzwa kwa maelfu ya euro.

Hapo ndipo ulipo mtego wa kila siku. Mwenye shamba angeweza kuacha machipukizi mengi zaidi wakati wa kupogoa, akapata chupa mara mbili. Mwaka wa kwanza hakuna ambaye angetambua. Lakini angekuwa anauza jina alilopewa na wengine, na watoto wake wangerithi jina tupu. Kuna wizi ambao sheria haiujui: ni kuwaibia wale ambao hawajazaliwa.

3. Mdudu wa mizizi

Tangu miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kukauka bila sababu kuonekana. Majani yalikuwa manjano, kisha mti ulikufa. Watu walipoichimbua miti iliyokufa, hawakuona kitu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea, Jules-Émile Planchon, pamoja na wenzake, waliichimbua miti iliyokuwa ingali hai, ndipo walipoona wadudu wadogo kama chawa wakinyonya mizizi. Mti ukifa, wadudu walikuwa wamekwisha kuhamia mti wa jirani. Kwa hiyo hawakuonekana kwanza. Mdudu huyo ni filoksera, aliyetoka Marekani pamoja na miche iliyoletwa kwa meli. Mwaka 1878 alionekana katika wilaya ya Côte-d'Or, ambamo kimo kijiji cha Vosne-Romanée.

Zilipatikana njia mbili za kupigana naye. Njia ya kwanza ilikuwa kutia dawa kali, sulfidi ya kaboni, ndani ya udongo karibu na mizizi. Dawa hiyo ilikuwa ya gharama na ya hatari, tena haikumaliza wadudu: kazi ilirudiwa mwaka hata mwaka. Njia ya pili ilikuwa kuchukua mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake imezoea kuumwa na mdudu huyo bila kufa, na kuunga juu yake tawi la mzabibu wa Kifaransa. Mizizi inakuwa ya kigeni; tawi, majani na zabibu ni vya mzabibu wa kale. Wanaofahamu jinsi michungwa inavyoungwa watafahamu jambo hili mara moja: chungwa hufuata tawi lililoungwa, halifuati shina la chini.

Walakini watu wa Bourgogne waliogopa. Walijua kwamba zabibu za Kimarekani zenyewe zina harufu isiyopendeza, wakasema: Mzizi wa kigeni utaharibu tunda letu. Katika Côte-d'Or kuunga kwa mizizi ya Kimarekani kulikatazwa hata mwaka 1887. Baadaye, mashamba yakizidi kufa, katazo likaondolewa, na wakulima karibu wote wakang'oa mizabibu yao na kupanda iliyoungwa.

Wenye shamba la Romanée-Conti hawakukubali. Waliendelea kutia dawa. Mti ulipochakaa, walifuata desturi ya mababu: waliinamisha tawi la mti ule ule, wakalifukia katika udongo, likatoa mizizi yake na kuwa mti mpya. Hivyo mizabibu ya shamba lile iliendelea kuzaana yenyewe kwa yenyewe, bila mche wa kigeni. Kwa muda wa kama miaka sitini walilipa gharama ya uaminifu huo, huku majirani zao wakipata mavuno kwa taabu ndogo kuliko wao.

4. Mwaka 1945

Vita vilivyoanza mwaka 1939 vilivunja nguvu ya kazi hiyo. Wafanyakazi walipungua, na dawa ya kutia katika udongo haikupatikana kama zamani. Wadudu wakazidi, na mizabibu ikadhoofika. Mavuno ya mwaka 1945 yalitoa chupa 600 hivi, yaani sehemu ya kumi tu ya zile zilizotazamiwa katika mwaka mwema.

Ndipo ikawabidi wenyewe kukata shauri. Mbele yao ilikuwapo miti iliyotunzwa na baba zao na babu zao kwa jasho, na kwa fedha, na kwa heshima. Je, wao wawe ndio wa kuing'oa? Lakini wakiiacha, ingekufa yenyewe, na pamoja nayo aina ile ya mizabibu ingepotea katika shamba lile.

Waliing'oa. Mwaka 1947 shamba likapandwa upya kwa vichipukizi vilivyotwaliwa katika La Tâche, shamba la karibu lililo mali ya nyumba hiyo hiyo, vikaungwa juu ya mizizi ya Kimarekani. Tangu mwaka 1946 hata mwaka 1951 haikutoka divai yenye jina la Romanée-Conti hata chupa moja. Mwaka 1952 ndipo ilipotoka divai ya kwanza ya mizabibu mipya. Nayo mizabibu hiyo ilikuwa ingali michanga. Mzabibu hutoa divai iliyo bora ukiisha kuwa mzee. Kwa hiyo waliokuwa na mvi siku ile ya kupanda walijua wazi kwamba utamu kamili wa kazi yao utaonjwa na wajukuu wao.

5. Je, waliwasaliti wazee wao?

Mtu mmoja aweza kusema: «Ndiyo, waliwasaliti. Babu zao walishika miaka sitini. Wao wamelegea katika saa moja. Divai ya mizizi ya kale haitapatikana tena kamwe.» Asemaye hivyo ana ushahidi mkononi. Mwaka 2018, katika mnada uliofanywa New York, chupa moja ya mavuno ya mwaka 1945 ilinunuliwa kwa dola 558,000. Bei si kipimo cha haki, kwa kuwa matajiri hutoa fedha nyingi kwa kitu kilicho haba. Lakini haifai kumdharau anayelia. Kitu fulani kilipotea kweli. Hata badiliko lililo la haki lina machozi yake, na anayebadili desturi ya wazee bila kusikia uchungu wowote yafaa ajichunguze kama aliwahi kuipenda.

Mtu wa pili aweza kusema: «Walikuwa wajinga. Yawapasa wangebadili zamani, majirani zao walipobadili.» Huyo naye hakutazama vema. Muda ule wote dawa ilikuwapo, mizabibu iliishi na kuzaa. Hapakuwa na lazima ya kuing'oa. Kushika kitu chema wakati kingali hai, hata kwa gharama, si ujinga.

Ukweli ni kwamba wale walioshika na wale waliong'oa walifanya kazi moja. Kwa maana, ni kitu gani walichokabidhiwa? Walikabidhiwa udongo ule, na mzabibu ule wa aina yake, na subira ile, ili mwaka hata mwaka litoke tunda lile. Mzizi ulikuwa mtumishi wa tunda. Ulipoweza kulisha tunda, uaminifu ulikuwa kuuheshimu mzizi. Ulipokufa, kuung'ang'ania mzizi kungekuwa kuua tunda. Matendo yalikuwa kinyume, lakini shabaha ilikuwa ile ile.

Zaidi ya hayo, mababu wenyewe hawakuacha shamba bila badiliko. Kila walipofukia tawi ili lichipue, mzizi wa jana uliacha nafasi kwa mzizi wa leo. Anayedhani kwamba wazee walisimama tu bila kusogea, hajawajua wazee. Walipanda, walikata, walijaribu, walikosa, wakajaribu tena. Kushika sura ya kazi yao na kuacha akili yao si kuwafuata. Ni sawa na mwana alalaye juu ya jembe la baba yake asilime.

Hata hivyo asije mtu akafurahi, akasema: «Basi kila badiliko ni jema.» Baada ya vita, wakulima wengi wa Bourgogne walipokea matrekta na mbolea za viwandani kwa shangwe. Kazi ikawa nyepesi na mavuno yakaongezeka. Baada ya miaka ikaonekana kwamba udongo umekandamizwa na uhai wake umepungua. Tangu miaka ya 1980 wenye Romanée-Conti waliacha mbolea na dawa za namna hiyo, na farasi wakarudi kulima. Hapo uaminifu haukuwa kwenda mbele, ulikuwa kurudi nyuma na kukiri kosa. Kwa hiyo upya si dalili ya wema, wala ukale si dalili ya ubaya.

6. Mambo matatu ya kupima

Mtu aliyerithi jambo lolote, likiwa shamba au desturi ya ukoo, na aulizwe kama yampasa kulishika au kulibadili, yafaa apime mambo matatu.

La kwanza: Je, jambo hili lingali linazaa? Desturi iwaunganishayo watu, imlindayo mjane, imfundishayo mtoto adabu, ingali hai. Mwenye kuing'oa kwa sababu wageni wameicheka ni mharibifu. Desturi imfukuzayo mjane katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake haizai tena; mzizi wake umeliwa.

La pili: Je, anayetaka kubadili ataka tunda, au ataka nafuu yake mwenyewe? Na anayetaka kushika, je, ashika kwa upendo, au kwa uvivu na kiburi?

La tatu, nalo ndilo limpimalo mtu kuliko yote: Nani atalipa gharama? Wale wa Vosne-Romanée walikaa bila divai ya shamba lile miaka sita, ili wengine wapate. Anayebadili kwa faida yake na kuwaachia wengine hasara, hajatunza urithi. Na anayeshika kwa heshima yake mwenyewe, huku watoto wake wakirithi shamba lililokufa, naye hajautunza.

Mtakatifu Paulo alipotaka kuwafundisha Warumi, alichukua mfano wa matawi ya mzeituni yaliyoungwa juu ya mzizi ambao haukuwa wao, naye akawaonya wasijivune. Mkatekumeni anayeacha jambo moja na kushika jingine yuko katika kazi hiyo hiyo ya kupambanua. Asiwadharau wazee waliomlisha, wala asiogope kukata kilichokufa.

Wazee walisema kweli: Mwacha asili ni mtumwa. Ila asili si kila kijiti kilichosimama shambani siku baba alipokufa. Asili ni kile ambacho baba mwenyewe, kama angalikuwa hai na kuliona shamba lilivyo leo, angalishika jembe ili kukiokoa.